Kila Damu Wanaiita Bawasiri

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wamekwenda tarawehe, nyumba imetulia. Niandike upesi.

Wifi alinivuta jikoni wakati tunakaanga sambusa. "Wifi, kaka yako anatoka damu chooni." Tangu lini? Tangu kabla ya mwaka kwisha. Amegundua kwa sababu Kaka anafua kaptula zake mwenyewe, usiku, na kuzianika ndani. Kaka! Mtu aliyelelewa na dada watatu, hajawahi kusuuza hata kikombe.

"Ni bawasiri hiyo," akasema. "Ni hizi foleni za mafuta. Analala kwenye gari siku mbili, kiti kinawaka moto, wewe unategemea nini?"

Nani amemwangalia? Hakuna. Nani amesema ni bawasiri? Kila mtu. Jirani kasema, madereva wenzake wamesema, mzee wa mizizi naye kasema, akamuuzia na unga juu yake.

Sina usingizi.

Jumatano, 5 Machi

Kwenye duka la dawa ninapouza, leo wamekuja wengi wa pomadi ya bawasiri. Hakuna anayeutaja ugonjwa kwa jina. Mmoja anaonyesha kwa kidole kwenye kabati la kioo, mwingine anaomba "ile dawa ya kukaa". Na wote wanamnunulia mtu mwingine: jirani, shemeji, baba mkwe. Nami nawajibu hivyo hivyo, mwambie huyo jirani afanye hivi na hivi, maana ukimuumbua mtu mbele ya wateja harudi tena.

Dereva mmoja wa lori, wa njia ya Kobero, ameacha pilipili mwaka mzima. Mwaka mzima anakula samaki wa mukeke bila pilipili, na damu iko palepale. Nikamwambia Waitalia walilipima jambo hili, matokeo yakatoka mwaka 2006: wagonjwa wa bawasiri walipewa vidonge vya pilipili na vidonge visivyo na kitu, wasijue kipi ni kipi, na hapakuonekana tofauti. Hakuniamini. "Mbona inawasha ikitoka?" Inawasha, ndiyo, lakini kuwashwa hakuvimbishi mishipa. Na mtu akisikia maumivu makali ya kukatakata wakati choo kinatoka, huenda hana bawasiri kabisa, ana mpasuko wa ngozi pale mlangoni, na huyo ndiye pilipili humtesa kweli. Magonjwa mawili, watu wanayatibu kama moja. Bawasiri ya ndani mara nyingi haiumi hata kidogo. Inatoa damu nyekundu, mbichi, mtu anaiona kwenye karatasi au kwenye maji, basi.

Akanunua pomadi mbili, akaondoka. Nilimwambia asizidishe wiki moja na ile yenye kotizoni, inachubua ngozi. Sijui kama alisikia.

Na lile swali la kila Ramadhani: dawa ya kuingiza inafunguza? Nawaambia aiingize baada ya futari. Usiku unatosha.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kaja kufuturu kwetu. Nimemwangalia akisali. Kwenye tahiyatu hakai sawa. Anaegemea ubavu wa kushoto, vidole vimeshika mkeka, mshipa wa shingo umesimama. Akishatoa salamu anabaki hivyo hivyo kwanza, kisha anainuka kwa goti moja.

Kala tende mbili na uji nusu bakuli. Sambusa hakuzigusa. Shati la Idi ya mwaka jana linaning'inia mabegani.

Sikusema kitu mbele ya watoto.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama, tunachambua lengalenga. Nikalitupa neno juu juu, kwamba kuna mtu dukani ana bawasiri. Weee! Kila mmoja akawa daktari.

Shangazi: saruji baridi. Huyu ametufukuza barazani tangu tukiwa watoto. Jirani: kukalia kiti ambacho mwingine amekiacha bado kina joto. Binti yake: nyama nyingi, ugonjwa wa matajiri wa Rohero. Bibi wa nyumba ya nyuma akasema ni mdudu, anatembea kwenye utumbo, akifika chini anang'ata.

Mama alikuwa kimya, anavunja mashina. Kisha: "Mimi nilizipata kwenye mimba ya kaka yenu. Na saruji nilikuwa siijui. Nilikuwa sikai kabisa, nilikuwa nauza ndagala." Wakacheka wote.

Nilitaka kuwaeleza. Kila mwanadamu anazaliwa nazo zile nyama, kama mito midogo ya kulalia, imejaa mishipa ya damu, ndani ya njia ya haja kubwa, inasaidia kuufunga mlango ili upepo na maji visitoke ovyo. Mkubwa, mdogo, tajiri, maskini, kila mtu anayo. Bawasiri ni pale ile mito inapovimba na kushuka. Na kinachoishusha ni kujikamua, choo kigumu, mimba, kuharisha kwa muda mrefu, kuchuchumaa chooni nusu saa unasukuma, umri nao. Saruji haimo. Kiti cha moto hakimo. Mdudu hayumo. Nikasema nusu tu, Shangazi alikuwa ameshahamia kwenye bei ya sukari.

Mama alinisindikiza hadi mlangoni. "Huyo mtu wa dukani ni kaka yako?"

Sikujibu.

"Wakati wa amacinya, kuhara damu kule, miaka ile ya 1990, tukiona damu tulikuwa tunakimbia. Watu walikufa wengi. Sasa hivi watu wanaona damu, wanasema bawasiri, wanaendelea kula."

Maneno hayo nimetembea nayo hadi nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Mama mjamzito, mimba ya miezi saba, analia mbele ya kaunta. Ameacha kumeza vidonge vya damu kwa sababu choo kimekuwa kigumu na cheusi, na mtu amemwambia choo cheusi maana yake unavuja ndani. Ni chuma kile. Vidonge vya chuma ndivyo vinavyokigeuza rangi, na kwa wengi vinakifanya kigumu. Asiviache bila kumwona mkunga wake, amwambie, kuna namna ya kumsaidia. Maji, papai, maharage, lengalenga. Beseni la maji ya uvuguvugu, akalie dakika kumi na tano.

Lakini siyo hicho kilichokuwa kinamliza. Alikuwa anaamini mtoto hataweza kupita, kwamba ile nyama imeziba njia. Amebeba hofu hiyo peke yake, hajamwambia hata mumewe. Njia ya mtoto ni nyingine, dada yangu. Nilimchorea nyuma ya risiti, njia tatu, hii ya mkojo, hii ya mtoto, hii ya choo. Alitazama muda mrefu. Nikamwambia pia kwamba bawasiri za mimba mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya wiki chache mtu akishajifungua. Akaikunja ile risiti, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Leo nimefurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Mtu wa makamo, amechomwa. Kuna aliyempaka dawa ya "kuzikausha", na ngozi yote ya pale imetoka. Hawezi kukaa. Nikamwambia hii haitibiwi dukani, aende hospitali leo leo. Teksi hakuna, mafuta hakuna. Aliondoka kwa miguu, kwenye jua, akishika ukuta.

Nimekasirika hadi sasa. Sijui ni nani aliyempaka. Sijui kama ndiye anayemuuzia kaka yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi ameniletea ule unga, umefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Rangi ya kahawia, unanuka magome. Ni wa kunywa, siyo wa kupaka, alhamdulillah. Unamharisha. Basi damu, na kuharisha juu yake, na saumu juu ya yote.

Nimelitoa daftari langu la shule ya uuguzi. Lipo somo la yule Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago kule Kampala, yule yule wa uvimbe wa taya za watoto. Baadaye alishughulika sana na habari ya choo. Mwaka 1972 aliandika kwamba bawasiri ni chache vijijini Afrika kwa sababu watu wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi, choo kinakuwa laini na kingi, hawajikamui. Mwalimu wetu alilipenda sana somo hili, alikuwa anatembea darasani akigonga meza.

Ni somo zuri. Shida yake ni namna linavyosikika mitaani: Mwafrika hapati bawasiri, au, kula maharage utapona kila kitu. Mwafrika gani? Huku mjini ni wali mweupe, mkate, chipsi, mishikaki, na maji glasi mbili kwa siku. Na ni kweli nyuzinyuzi zinasaidia, majaribio yameonyesha zinapunguza damu ya bawasiri karibu kwa nusu. Damu ya bawasiri. Ikiwa damu inatoka kwingine, kwenye amiba, kwenye kichocho, kwenye uvimbe wa utumbo, kaka yangu anaweza kula maharage yote ya eneo la Ngozi na hakuna kitakachobadilika.

Amekonda. Bawasiri haikondeshi mtu namna ile. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiri.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia. "Niko foleni." Akakata.

Alhamisi, 20 Machi

Tumezungumza. Umeme ulikuwa umekatika, tukakaa barazani kwake, labda giza ndilo lililomsaidia.

Nilianza na habari ya damu yenyewe. Nyekundu au nyeusi? Nyekundu, mara nyingine imechanganyika na choo, na makamasi. Nikauma mdomo. Damu ya bawasiri kwa kawaida inakuja juu ya choo au baada yake, inadondoka. Kuchanganyika ni habari nyingine.

"Kaka, twende hospitali."

"Dada, daktari atanivua nguo."

"Atakuvua, ndiyo. Dakika tano."

Kimya. Kisha akaniambia lile lililomkaa moyoni. Kwa kinyozi, mwezi wa kwanza, walikuwa wanamzungumzia mtu wa mtaa wa pili. Mmoja akasema mwanamume anayetoka damu nyuma kuna alichofanyiwa. Watu wote wakacheka, na Kaka akacheka nao. Tangu siku hiyo akaapa hakuna atakayejua. Hata hospitali anaogopa kukutana na mtu wa Buyenzi, mtaani kwetu, kwenye benchi.

Nilishindwa kusema kwanza. Baba wa watoto watano, anaamka alfajiri, hajawahi kumdhulumu mtu faranga moja, anavuja damu miezi kwa sababu ya kicheko cha kwa kinyozi! Masheikh wanaipata bawasiri, mapadri wanaipata, wanawali, wanawake wenye mimba, wazee wasioweza hata kutembea. Mishipa ya damu haishiki habari za mtu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, Wifi akatoka ndani kutazama.

Na lile la msikitini nalo likatoka. Amekuwa akisali nyumbani kwa kuogopa kwamba udhu wake haukai. Nilikuwa nimeshamuuliza imamu bila kutaja jina. Mwenye udhuru wa namna hiyo anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati wa sala ukishaingia, anasali sala yake. Dini imempa nafasi. Kaka aliuliza mara mbili, "Imamu mwenyewe kasema?" Imamu mwenyewe kasema.

Nikawasha tochi ya simu, nikamvuta kope ya chini. Hakuna wekundu. Ile nyama ya ndani imepauka kabisa, kope zote mbili. Nikamshika kiganja pia, mistari nayo imepauka.

"Jumatatu," akasema.

Jumatatu, 24 Machi

Alikwenda. Andika hilo kwanza: alikwenda.

Saa moja tuko kwenye benchi. Kweli akakutana na mtu wa Buyenzi, wakasalimiana, yule naye akageuza uso haraka, nadhani na yeye alikuwa na lake.

Daktari kijana, mpole, anamwita "mzee wangu". Akamuuliza maswali mengi kabla ya kumgusa. Choo mara ngapi, kigumu au chepesi, uzito, jamaa gani alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, kazi. Kaka akasema teksi. Nikadakia: na shamba la mpunga, Gihanga. Daktari akainua kichwa. "Unaingia majini bila buti?" Nani anaingia na buti kwenye mpunga! Akaandika.

Mimi nikatoka nje. Kaka alinieleza baadaye, mwenyewe, bila kuulizwa: alilala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, kidole chenye glavu na mafuta, kisha kifaa kidogo cha bomba chenye taa. "Nilidhani ataniua. Kumbe imekwisha kabla sijamaliza kusoma Kul huwallah mara tatu."

Bawasiri zipo. Ndogo, daraja la pili, zile zinazotoka na kurudi zenyewe. Lakini daktari alisema wazi mbele yetu wote wawili: hizi haziwezi kumkondesha mtu, na peke yake haziwezi kueleza makamasi wala damu iliyochanganyika. Hemoglobini ni 8. Mwanamume anatakiwa kuwa juu ya 13. Choo kimepelekwa maabara.

Akamwambia pia afungue saumu. Kaka hakutaka. Njiani kimya, kisha: "Nitazilipa." Utazilipa, Kaka. Mgonjwa ana ruhusa.

Kitu kingine alichomwambia daktari, niliandika kwenye kiganja nisisahau: bawasiri haigeuki kansa. Watu wengi wanaogopa hilo. Hatari yake iko kwingine: kansa ya utumbo mpana nayo inatoa damu, na mtu anaipakaza pomadi miezi na miaka kwa sababu ameshaambiwa ni bawasiri.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu ya choo. Kichocho. Kile cha tumbo.

Fundi wa maabara tunajuana, akanipisha kwenye hadubini. Nimeliona kwa macho yangu: yai refu la mviringo, rangi ya manjano, na mwiba ubavuni umechomoza. Nilisoma habari zake shuleni, lakini kujua kwamba hili limetoka mwilini mwa kaka yangu, mkono ulitetemeka kwenye ile skrubu. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, inataga, mayai yanapasua ukuta yatoke, na ndiyo hiyo damu, na ndiyo hayo makamasi. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mguu. Bonde lote la Rusizi lina kichocho, na fukwe za Tanganyika pia. Watoto wanapewa vidonge shuleni. Baba anayepanda mpunga nani anampa?

Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vinne kwa mkupuo kwa uzito wake, baada ya chakula. Alivimeza mbele yangu. Vichungu, akakunja uso. Bei yake haifiki hata bei ya ule unga wa magome.

Wifi alilia, kisha akauliza kama na yeye apimwe, maana naye anapalilia kule. Ndiyo. Na wale wavulana wawili wakubwa wanaokwenda likizo. Wote.

Kumbe haikuwa foleni, akasema. Haikuwa foleni.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu imepita vizuri. Kaka alisali Idi uwanjani na watu. Alikula pilau, na alikula pilipili, nikamwona, akaniona nikimwona.

Damu imepungua, haijakwisha. Anameza chuma. Anakunywa maji, chupa iko kwenye gari. Chooni amekatazwa kujikamua, haja isipokuja anyanyuke.

Nilidhani tumemaliza. Jana daktari akasema hapana. Ana miaka 49, amepoteza kilo nane, na kupata sababu moja hakuzuii kuwapo nyingine. Anataka kuuona utumbo wote kwa kamera. Kaka aliniangalia mimi, hakumwangalia daktari. Nikamjibia: tutakuja.

Usiku huu kanipigia, hofu imerudi. Aliuliza kama ni lazima, kwa kuwa kichocho si kimeonekana. Ni lazima, Kaka. Nimemwambia na yule rafiki yake dereva, yule anayetoka damu tangu mwaka juzi na kununua pomadi kwangu kwa jina la shemeji, aje naye, akae kwenye benchi hilo hilo.

Kamera ni Jumatano tarehe 9, saa mbili asubuhi. Siku moja kabla, vya maji tu, na ile dawa ya kusafisha utumbo. Wifi atabaki na watoto, mimi naenda naye. Dukani nimeshaomba ruhusa.